Nipe Mji

Kwetu hapakuwa na meza, kwa hivyo watu wakinihubiria juu ya kuzungumza na watoto mezani huwa nacheka kwanza. Kwetu palikuwa na mkeka, juu ya mkeka sinia moja, na kuzunguka sinia watu wanne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye miaka hiyo hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Tulikaa Bondeni, Nakuru, katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati na wapangaji kushoto na kulia. Pazia liligawa chumba. Upande huu tulikula, na tukishakula sisi watoto tulilala hapohapo. Upande ule palikuwa na kitanda cha wazazi. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye mabati, ziliishia njiani, kwa hivyo jirani akipiga chafya wewe ndiwe wa kumwombea afya.

Mama alikuwa mtu wa Mombasa, na mdomo wake ulikuwa wa Mombasa pia. Baba alikuwa Mkikuyu, aliyezaliwa katika shamba la mzungu upande wa Kabazi. Alikuja mjini kijana, akajifunza ushonaji kwenye baraza la duka la Mhindi, akasilimu, akaoa. Ukimwona na kanzu yake na kofia aliyoidarizi mwenyewe, ungeapa kwamba babu yake alizikwa pwani. Shida ilikuwa ulimi. Chakula kwake kilikuwa "chakura", na kulala kulikuwa "kurara". Zamani tulimcheka mbele yake, naye alicheka nasi. Mdogo wangu alimng'ang'ania shingoni: "Baba, sema lala!" Baba anasema "rara", na sisi chali, mbavu hatuna.

Baba alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, ambaye sisi tulimwita baba mdogo. Yeye alibaki shambani, akikamua ng'ombe wa mzungu. Kila Idi alishuka Nakuru na gunia la viazi begani, ingawa hakuwa Mwislamu. "Mungu ni mmoja, na pirau ni moja," alisema, na mama alicheka mpaka akashika mlango. Akishakula alimrusha mdogo wangu juu karibu na mabati, akamdaka, halafu akaketi kututegea. "Kitendawiri!" anaanza, na kabla hatujajibu "Tega" tulishaanguka kwa kicheko kwa hiyo *ri* yake.

Halafu ikaingia Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori, wengine wakarudishwa rizavu, zile sehemu walizotengewa Wakikuyu, ambazo hawakuwahi kuziona tangu wazaliwe, wengine kambini. Barabarani ukisimamishwa, kwanza unaulizwa kipande, kile cheti cha mkoloni, halafu unasemeshwa tu, wasikie unavyotamka. Baba akaanza kunyamaza. Alianza nje: wateja aliwapima kwa kamba yake na kuwajibu kwa kichwa, na Mhindi wake, Mungu amlipe, aliwaambia watu kuwa fundi anaumwa koo. Kisha kunyamaza kukamfuata mpaka nyumbani. Akatuwekea sheria kwamba chakula kikiwa mbele ya mtu, mdomo ni wa kutafuna tu.

Tukatii. Ukitaka chumvi, unanyoosha kidole. Ukitaka maji, unagusa kikombe. Mdogo wangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kuongea vizuri, akajifunza kunong'ona. Jioni moja mchuzi wa moto ulimwagikia mguu wake. Alifungua kinywa, machozi yakamtoka, na sauti haikutoka hata kidogo. Alilia hivyo, kimya, huku akimtazama baba.

Mama akatupa mwiko.

"Mtoto analia bila sauti! Mmeyaona wapi haya? Baba watoto, hii nyumba au jela?"

"Punguza sauti," baba akanong'ona. "Neno rikitoka harirudi."

"Na lisipotoka linaozea ndani! Utakuja kuwa na watoto mabubu, ukaseme ni mapenzi ya Mungu."

Waligombana kwa kunong'ona, na nawaambieni, ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kupigana. Mwishowe mama akapata njia. Hatutasema habari za mtu, hatutataja jina, hatutaulizana nani kaenda wapi. Tutategeana vitendawili. "Kitendawili kina siri gani?" alisema. "Ni yai na nanasi tu." Baba akafikiri, akaona kweli, akakubali.

Jamani, nyumba ilifufuka! Mama alituanzishia palepale juu ya ugali. "Kitendawili!" "Tega!" "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni." Mdogo wangu akatazama huku na huku, akaona kikombe kimeshika kiuno chake pale mkekani, akapiga ukelele ambao hatukuwa tumeusikia kwa miezi. Baba mwenyewe alitabasamu.

Mchezo wenyewe mnaujua, lakini niueleze kwa ajili ya watoto wa siku hizi ambao vidole vyao ndivyo vinavyoongea. Ukishindwa kujibu, aliyetega anakwambia, "Nipe mji." Unampa mji wowote, yeye anausafiri kwa maneno, anasema alivyopokewa na alivyokula huko, ndipo anatoa jibu. Mama aliongeza kanuni zake. Mombasa haitolewi, kwa kuwa ni mji wake na yeye hampi mtu. Na mji uliotolewa jioni hii haurudiwi. Mimi nilipenda kutoa Molo, kwa sababu mama akifika Molo alitetemeka meno kwa baridi mpaka tonge linamwanguka. Baba akishindwa alitoa Nakuru kila siku. "Sasa unanipa ninapokaa?" mama anamwambia. "Mwanamume bahili wewe." Mdogo wangu miji ilikuwa inamwishia upesi.

Katika chumba cha pili kutoka chetu palihamia mpangaji mmoja, mwanamume wa pwani, peke yake, aliyesema anafanya kazi stesheni. Alisikia kelele zetu juu ya ukuta. Jioni moja akapiga hodi tukiwa tunakula, na kwa watu wa mama, mtu akikukuta unakula hana pa kwenda ila kwenye sinia. "Karibu," mama akasema, na yule bwana akanawa akaketi. Aliongea Kimvita cha nyumbani kwa mama. Alimwita mama dada. Alijua vitendawili ambavyo mama alikuwa hajavisikia tangu akiwa msichana, na mama uso wake ukang'aa hata nikaona haya kumtazama. Sisi watoto alituletea sukari guru na tukamwita mjomba. Baba hakusema neno mbele yake. Mama akaeleza kuwa mume wake anaumwa koo.

Usiku mmoja, nyuma ya pazia, nilimsikia baba akimwambia mama kwamba lori la shamba la Kabazi limeondoka na watu wote na ndugu yake hayumo. Mzee mmoja wa Kikipsigis, mchunga ng'ombe wa shamba hilo, amemficha kwenye banda la ndama. Mama akauliza ni wapi hasa. "Kabazi, Kabazi," baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Baba mdogo hakuwa mtu wa msituni. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa alivyozaliwa na kukataa kupakiwa kama gunia. Akikamatwa, ni kambini, na wengine walikwenda kambini wakarudi hawajitambui, wengine hawakurudi. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavuni mwangu. Nilidhani amelala.

Haikupita wiki. Tulikula maharagwe na chapati jioni hiyo, na mjomba alikuwepo, mwenye raha, amejifunga shuka. Vitendawili vilikwenda mbio. Nairobi ikaisha, Kisumu ikaisha, Naivasha ikaisha, na Molo yangu pia. Ikafika zamu yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kamba yangu ndefu, lakini haifungi kuni."

Mama alijua, lakini akanyamaza ili atuachie watoto. Mimi nikasema nyoka, nikakosea. Mdogo wangu akasema mkia, watu wakacheka.

"Basi nipe mji, bwana mdogo."

Mtoto akawaza, uso umekunjamana. Miji yote ilikuwa imeisha, na Mombasa haitolewi. Halafu akakumbuka, akaruka kwa furaha.

"Kabazi!"

Mimi nilimtazama baba. Mkono wake ulikuwa na kipande cha chapati, umesimama katikati ya sinia na kinywa.

"Kabazi?" mjomba akasema, bado anacheka. "Huo si mji, huo ni mashamba. Nani kakufundisha Kabazi?"

"Yuko baba mdogo," mtoto akasema. "Anakaa na ndama."

Mama aliingilia haraka, mpaka maneno yakagongana. "Mtoto huyu! Anaota mchana, huyu. Haya bwana, umepewa mji, safiri, chakula kinapoa."

Mjomba akaosha vidole vyake taratibu kwenye bakuli. "Nikaenda Kabazi," akasema, "nikapokewa vizuri na baba yenu mdogo, nikanywa maziwa ya ng'ombe wake. Akaniambia jibu ni njia." Akacheka. Akashukuru kwa chakula, akaenda chumbani kwake. Tulisikia mlango wake ukifungwa. Baadaye kidogo tukausikia ukifunguliwa.

Ilibidi mtu akamwonye baba mdogo, na baba hakuweza kwenda. Na ulimi ule, asingevuka hata kizuizi cha kwanza. Alfajiri, kafyu ilipokwisha, mama alijitanda buibui, akanishika mkono, tukapanda basi la Bahati. Njiani askari walitusimamisha, wakawateremsha abiria wote, na kila mmoja akasemeshwa. Mama aliulizwa anakwenda wapi. Mungu wangu! Alimwagia yule askari Kimvita chote alichozaliwa nacho: msiba wa shangazi, ugonjwa wa mguu, bei ya nazi, adabu ya vijana, mpaka askari mwenyewe akamsihi apande basi. Ndani ya basi nilishika mkono wake, ulikuwa umelowa jasho.

Kutoka Bahati tulitembea sana. Tulipofika shambani tulimkuta mke wa yule mchunga ameketi mlangoni, na ndama wanazurura uani hakuna wa kuwarudisha. Alimtazama mama, akajua.

"Wamemchukua," akasema. "Kabla ya kukamua."

Mumewe alikuwa ndani, amepigwa, hawezi kuinuka. Mama akauliza nani aliyewaonyesha banda. Mwanamke akasema hajui, askari walikuwa wanazunguka mashamba yote wiki nzima, na asubuhi hii walikuja moja kwa moja. Mama akakaa chini kwenye vumbi na buibui lake safi.

Jioni ile tuliketi kwenye sinia. Hodi ikapigwa, na sauti ilikuwa ya mjomba.

Nataka mnielewe hapa. Mama angemfukuza, angekuwa amemwambia kuwa tunajua, na baba alikuwa pale pale, amekaa na ulimi wake. Kwa hiyo mama akasema, "Karibu." Alimsogezea maji ya kunawa. Alimchagulia kipande kizuri cha nyama kama anavyofanyiwa mgeni, na mimi nikamchukia yule mtu kwa chuki ambayo mtoto hapaswi kuijua. "Bwana mdogo," akamwambia mdogo wangu, "leo hutegi?" Mtoto akamtazama mama, akamtazama baba. Hakuna aliyemwambia kitu, si kwa ukali wala kwa upole, lakini hakuwa mjinga. Akainamisha kichwa akala.

Nyuma ya pazia usiku huo baba alisema maneno mawili tu. "Vitendawiri vyako." Nilimsikia mama akipuliza taa.

Yule bwana alihama baadaye. Wengine walisema alikuwa askari kanzu, wengine wakasema hapana, amepata kazi Kisumu, ni mtu wa watu. Hatukupata kujua kwa hakika. Nimekuwa nikijiambia kwamba sitamhukumu mtu kwa jambo nisilolijua. Uongo mtupu, namhukumu kila nikila maharagwe.

Miaka ikapita hivyo, sinia kimya. Mdogo wangu akaingia shule, na huko akawa na jambo moja la ajabu. Alikusanya vitendawili. Aliwauliza wazee msikitini, wapagazi sokoni, watoto wa kila kabila, akayashika majibu yote kichwani. Shuleni hakuna aliyeweza kumtegea akashindwa. Mwalimu alimsifu kwamba mtoto huyu anapenda sana lugha. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja nilijua haikuwa kupenda. Mtu mwenye jibu haombwi mji.

Baba mdogo alirudi miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Alisimama ukumbini na kifurushi, amekonda, meno ya mbele hana, na ile *ri* yake sasa ilitoka na upepo. Mama alilia, akafunga kanga kiunoni, akapika pilau ingawa haikuwa Idi. Tukaketi watu watano. Baba mdogo ndiye aliyeanza kusema.

"Kure ndani mtu anapata muda wa kufikiri," akasema. "Nimefikiri ni nani ariyenitoa. Wariojua niripo ni watu wachache. Ni yure mzee. Ariniweka kwenye banda rake, kisha akaniuza."

Mama akafungua kinywa. Baba akakohoa, mama akafunga.

"Kesho nakwenda Kabazi," baba mdogo akaendelea, kwa utulivu ulionitia baridi. "Nitamuuriza mbere ya mke wake. Nimengoja siku hiyo. Ndiyo iriyonifanya nisife." Kando ya kifurushi chake palikuwa na panga, jipya, limefungwa gazeti. Sote tulikuwa tumeliona alipoingia.

Baba alitazama pilau. Mama alimtazama baba. Mimi nilikuwa msichana mkubwa sasa, nilijua kila kitu, na kusema ilikuwa kumtoa mdogo wangu na kunyamaza ilikuwa kumtoa yule mzee aliyepigwa mpaka hawezi kuinuka. Mdogo wangu alikuwa ameacha kula.

Baba mdogo akaona sura zetu, akadhani ametutisha. Alikuwa mtu mwema, hata wakati ule. Akajaribu kutabasamu na ufizi wake, akamgusa mdogo wangu bega. "Wewe nirikuwa nakurusha mpaka mabatini. Umekuwa mzee. Haya. Kitendawiri!"

Hakuna aliyecheka. "Tega," mdogo wangu akasema.

"Nyumba yangu haina mrango."

Yai. Hicho ndicho kitendawili cha kwanza cha kila mtoto, hata anayenyonya anakijua. Alichagua chepesi ili amfurahishe. Na mdogo wangu, ambaye hakuwa ameshindwa na mtu yeyote Nakuru nzima, alimtazama usoni akasema, "Sijui."

"Hujui?" Baba mdogo akashangaa. "Basi nipe mji."

"Kabazi."

Baba mdogo akacheka kidogo. "Umekumbuka nirikokuwa?"

"Nilimpa mtu," mdogo wangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakunong'ona. "Alikula hapa. Alinitegea nikashindwa, akaniomba mji, nikampa Kabazi. Si yule mzee. Nilikuwa sijui kuwa mji unatolewa kweli."

Nilisikia wapangaji wa upande wa pili wakiacha kuongea. Baba alikuwa amefunika macho kwa kiganja chake chenye alama za sindano. Baba mdogo alimtazama mtoto, akalitazama panga ndani ya gazeti lake, akamtazama mama, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi. Wali ulipoa mbele yetu. Halafu akanyoosha mgongo kama anavyofanya mtu anayetaka kuusafiri mji aliopewa.

"Nikaenda Kabazi," akasema, akakwama. "Nikaenda Kabazi, nikamkuta mzee mmoja, nikamwomba msamaha. Akaniambia jibu ni yai."

Akamvuta mdogo wangu kifuani, mvulana mkubwa vile, miguu yake ikapiga sinia, pilau ikamwagika mkekani. Na mdogo wangu akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo aliyemwagikiwa na mchuzi, kikapanda juu ya kuta na nyumba nzima ikakisikia, na baba hakumwambia anyamaze.